Upepo Ukikata, Maji Yatakupeleka Wapi?

Najua nimewatupa. Wachache wenu mmeniandikia kuuliza kulikoni, mbona kimya. Leo nitasema: kuna stori nilikuwa naona aibu kuisimulia, na kila nikikaa kuandika kitu kingine inanijia yenyewe. Basi nimeamua kuitoa, halafu niwape na historia niliyoichimba kwa sababu yake. Chukueni chai, leo ni ndefu kidogo.

Ilikuwa Julai 2022, msimu wa kusi. Nilikuwa nimetoka kujifunza kaiti pale Paje, kusini mashariki ya Unguja. Kwa wasiojua, kaiti ni ule mchezo wa kusimama juu ya ubao majini na kuvutwa na tiara kubwa iliyofungwa kiunoni kwa kamba za mita 20 hadi 25. Sisi watoto wa pwani wote tumerusha tiara za karatasi na chelewa. Hii ni tiara ile ile, ila hii inakurusha wewe.

Paje ni pazuri kwa mwanafunzi. Mwamba umezuia mawimbi makubwa, maji mengi ni ya kiunoni, ukichoka unashuka unatembea. Baada ya siku 9 nilijiona nahodha. Nikaenda Pangani kumsalimia shangazi, na tiara ya kuazima kwenye buti la gari.

Mliofika Pangani mnapajua. Mji upande huu, Bweni upande ule, kivuko kinakwenda na kurudi, halafu mto unafungukia bahari. Alasiri upepo ulikuwa safi, unatoka baharini. Nilitazama minazi, nikatazama bendera kwenye boti, nikaridhika. Maji sikuyatazama. Siku zile zilikuwa za bamvua, na maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi.

Dakika 20 za kwanza nilipata raha ambayo sijawahi kuipata. Kule Paje kila mara nilikuwa nasukumwa demani, narudi kwa miguu huku nimebeba ubao kama mchuuzi. Pangani nilikuwa napanda joshi bila hata kutoa jasho. Nikajisemea, kijana umeiva! Kumbe wala sikuwa mimi. Ni mto uliokuwa unanibeba kwenda kule upepo unakotoka. Yaani baharini.

Kisha likapita wingu la mvua, na upepo ukakata. Tiara ikaanguka kama kanga iliyolowa. Mimi na tiara tukaanza kwenda na maji, na njiani kamba zikanasa kwenye boya la wavu wa mvuvi. Hapo ndipo nilipojua mkondo ni nini. Wavu umetiwa nanga, haukubali kwenda. Maji hayakubali kusimama. Katikati niko mimi, nimefungwa kiunoni, na kila mkondo ukivuta, kamba zinakaza na kichwa kinaingia chini. Kifyatuo cha kujiachia kilikuwa kimeganda kwa chumvi na mchanga. Nilikipiga ngumi. Hakikuachia.

Mzee mmoja alikuwa karibu na mtumbwi wake. Alifika, akatazama mara moja tu, akatoa kisu. Hakukata kamba zangu. Zile ni nyembamba, ngumu, na zilikuwa zimekaza kama nyuzi za gitaa. Alikata kamba ya wavu. Wavu wake mwenyewe. Boya likaachia, nikaibuka, na wavu ukaenda chini.

Hatukusema kitu mpaka tulipokaribia ufukweni.

"Shikamoo, babu," nikasema, meno yanagongana.

"Marahaba. Mjukuu wangu, ulipoingia uliangalia nini?"

"Niliangalia upepo, babu."

"Upepo unakata," akasema. "Maji hayakati. Ungemuuliza mtu yeyote pale gatini maji yanakwenda wapi, angekwambia."

Sasa mimi nikiogopa, husoma. Ndiyo kazi yangu. Niliporudi Dar nikawa na swali moja: je, kuna mahali duniani ambapo tiara na mto wenye nguvu vimeishi pamoja muda mrefu, watu wakaumia, wakajifunza? Nikakuta mahali hapo. Ni mto Columbia huko Marekani, pale unapopita kati ya majimbo ya Oregon na Washington, kwenye mji mdogo unaoitwa Hood River. Sijawahi kufika. Lakini nimepasoma mpaka naona kama nina shangazi kule pia.

Tuanze nyuma kidogo. Kuvutwa na tiara si jambo jipya. Benjamin Franklin, alipokuwa mtoto Boston, alilala chali kwenye bwawa na kuvutwa na tiara hadi ng'ambo. Mwaka 1826 mwalimu wa Bristol, Uingereza, aliyeitwa George Pocock, alipata hati miliki ya gari la kuvutwa na tiara. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa mashua iliyovutwa na tiara. Hayo yote yaliwezekana. Kwa nini basi ilichukua karibu karne nzima zaidi kuwa mchezo?

Jibu ni kuanguka. Tiara ya kitambaa ikianguka majini inalowa, inazama, na ndiyo basi tena. Ukiitazama historia ya kaiti kwa makini utaona wabunifu wake wakubwa hawakuhangaika sana na namna ya kupaa. Walihangaika na swali la mtu aliyeanguka afanyeje.

Majibu mawili yalikuja kutoka pande mbili za dunia. La kwanza ni la ndugu wawili wa pwani ya Atlantiki ya Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux. Novemba 1984 waliomba hati miliki ya tiara yenye mirija inayojazwa upepo kama tyubu ya baiskeli. Tiara hiyo ikianguka inaelea, na unaweza kuinyanyua tena ukiwa bado majini. Watu hawakuwaelewa haraka. Ilibidi wasubiri mpaka 1997 ndipo tiara yao waliyoiita Wipika ilipoingia sokoni na kuubadili mchezo.

Jibu la pili ndilo linalotupeleka mtoni. Bill Roeseler alikuwa mtaalamu wa ndege katika kampuni ya Boeing. Yeye na mwanawe Cory walitengeneza chombo walichokiita KiteSki: mtu anavaa ski za majini, anavutwa na tiara ya pembetatu yenye kamba mbili, na fimbo anayoshika ina gurudumu dogo la kukunjia kamba, kama lile la mshipi wa kuvulia samaki. Tiara ikianguka, unakunja kamba mpaka unaifikia, unairusha upya. KiteSki iliingia sokoni mwaka 1994, miaka mitatu kabla ya Wipika. Na uwanja wa Cory ulikuwa Columbia.

Kwa nini pale? Hebu fikirieni ramani. Kati ya bahari ya Pasifiki na nyanda kavu za bara kuna safu ya milima inayoitwa Cascade. Mto Columbia umeikata safu hiyo kwa bonde refu la kilomita zipatazo 130, kingo zake zikifika mita 1,200 juu. Wakati wa kiangazi bara linachemka, hewa ya moto inapanda, na hewa baridi ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Njia yake ya chini ni ile moja tu. Inapita bondeni kama maji kwenye bomba. Ndiyo maana watu wa kuteleza kwa matanga walijaa Hood River tangu miaka ya 1980, na watu wa tiara wakafuata.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye siri. Upepo wa kiangazi unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mto unatiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, kuelekea bahari. Vinapingana. Kama Pangani siku ile.

Kupingana huko kuna utamu wake. Tuchukue mfano. Upepo una kasi ya kilomita 40 kwa saa, mkondo una kilomita 4 kwa saa. Mto unakubeba kuukabili upepo, kwa hiyo tiara yako inauhisi upepo wa 44. Ungekuwa unabebwa upande ule ule unakoelekea upepo, ingehisi 36. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Pigeni hesabu: 44 dhidi ya 36 ni nguvu mara moja na nusu. Tiara ile ile, mtu yule yule, upepo ule ule. Juu ya hapo unapanda joshi bure, bila ujuzi wowote.

Ndiyo maana nilidhani nimeiva. Mto unaosaidia ni mwalimu mbaya, kwa sababu hakusahihishi makosa yako. Anakusifu tu.

Halafu upepo unakata. Upande mmoja wa mvutano umekufa, mwingine uko vile vile. Mkondo wa kilomita 4 kwa saa unakubeba zaidi ya mita 60 kila dakika. Kukunja kamba zote, kuishika tiara na kuigeuza boya la kulalia kunaweza kuchukua robo saa. Robo saa ni kilomita nzima. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kulowesha mguu ni hili: kilomita moja chini ya mto kutoka hapa kuna nini?

Kule Columbia kuna mambo mengi. Kuna matishari. Mto ule ni barabara ya ngano. Matishari yanasukumwa na tagi kutoka Lewiston, Idaho, zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini. Tishari lililojaa halisimami kwa sababu umepunga mkono, na nahodha aliye nyuma haoni kilicho karibu mbele ya shehena yake. Tena ukipita nyuma ya ukuta wake, upande uliokingwa, upepo unatoweka na tiara inaanguka pale pale usipotaka. Kanuni ni rahisi: tishari likionekana, wewe ndiye unayeondoka njiani. Mapema.

Na kuna nyavu. Hapa wadau nilisimama kusoma, nikatoka nje kupunga hewa.

Mto Columbia unaoonekana leo kama ziwa refu haukuwa hivyo. Palikuwa na maporomoko na maji ya kasi. Bwawa la Bonneville, lililokamilika 1938, liliyazamisha yale ya Cascades. Kisha 10 Machi 1957 bwawa la The Dalles lilifungwa, na kwa muda wa saa chache tu maporomoko ya Celilo yakafunikwa na maji. Pale wenyeji walikuwa wamevua samoni kwa maelfu ya miaka. Celilo palikuwa soko lao, kijiji chao, na mahali pao pa kukutana. Mikataba waliyosaini na serikali ya Marekani mwaka 1855 ilikuwa imewahifadhia haki ya kuvua katika sehemu zao za siku zote. Haki ikabaki, maporomoko yakaondoka. Watu wa Yakama, Warm Springs, Umatilla na Nez Perce wanaendelea kuvua mto huo mpaka leo, na maboya ya nyavu zao yanaelea kwenye maji yale yale ambayo vijana wenye tiara wanakuja kuchezea.

Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya usalama ya mto ule utakuta onyo: jihadharini na nyavu. Limeandikwa kana kwamba wavu ni kisiki kilichoota chenyewe. Mimi siwezi tena kulisoma hivyo. Wavu una mwenyewe. Mwenyewe ana watoto. Na alikuwepo kabla yako.

Jambo jingine la mabwawa ni kwamba mkondo hautegemei mvua ya siku hiyo. Theluji ya milimani ikiyeyuka, hasa Mei na Juni, maji ni mengi. Lakini pia wenye bwawa wakifungulia maji kwa ajili ya umeme, mkondo unabadilika siku hiyo hiyo, jua likiwaka na upepo ukiwa ule ule wa jana. Anayejua mto anauliza habari za bwawa kama sisi tunavyouliza maji kujaa na kupwa.

Na mto nao huamua mambo yake. Novemba 2006 mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na mchanga kutoka Mlima Hood. Mzigo huo ulishuka kwa kijito mpaka kwenye mdomo wake, pale mjini, ukatua. Pakazaliwa fungu kubwa la mchanga lililoingia katikati ya Columbia. Watu wa tiara wakapata ufukwe ambao hakuna aliyeupanga, na fungu hilo likawa uwanja wao mkuu. Ni zawadi, ila nayo ina masharti. Juu ya fungu maji ni ya magotini. Ukingoni kina kinashuka ghafla, na mkondo wa mto mkubwa unaanza hapo hapo.

Turudi kwenye kifyatuo, maana ndicho kilichonitesa. Tiara za miaka ile ya kwanza zilikuwa na nguvu zisizopungua. Ukivutwa, umevutwa. Watu walikufa, wengine wakarushwa kwenye mawe na majengo. Kuanzia 2005 hivi zikaingia sokoni tiara za umbo la upinde, nazo tena ni kazi ya Bruno Legaignoux, ambazo ukisukuma fimbo mbele zinapoteza karibu nguvu zote. Vifyatuo navyo vikaboreshwa mwaka hadi mwaka, kila kampuni kwa namna yake. Kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivyo, ISO 21853, kilitoka mwaka 2020. Hesabu wenyewe: kutoka Wipika hadi kiwango ni miaka 23. Mchezo ulijifunza kuruka haraka. Kuachia ulijifunza polepole.

Na mtoni kuachia kuna hatua mbili. Kifyatuo cha kwanza kinaiua nguvu ya tiara, lakini bado umeshikwa na kamba ya usalama. Baharini mara nyingi unaishia hapo, kwa sababu tiara ni boya lako na watafutaji wanaiona kutoka mbali. Lakini mtoni, tiara au kamba ikinasa kwenye kitu kisichokwenda, iwe ni wavu, nguzo au mnyororo, maji yanaendelea kukusukuma na kamba hiyo hiyo inakuzamisha. Hapo panahitajika kifyatuo cha pili, kile cha kuachana kabisa. Lazima mkono ukijue gizani. Na kikikataa, lazima uwe na kisu cha ndoana mahali ambapo mkono wowote unafika. Mimi siku ile sikuwa na kisu, na kifyatuo nilikuwa sijakijaribu ufukweni.

Basi haya ndiyo ninayoyafanya sasa, na ndiyo ninayowaomba wenzangu mnaoanza. Naosha vifyatuo kwa maji baridi kila nikitoka, na navifyatua vyote nchi kavu kabla ya kuingia. Navaa jaketi la kuelea na kofia ngumu. Ubao siufungi mguuni. Natupa kifuu cha nazi majini nikiangalie dakika moja kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Nachagua pa kutokea chini ya mkondo kabla ya kuchagua pa kuingilia. Nikianguka naogelea kukatisha mto kuelekea ukingo, sipigani nao uso kwa uso. Siingii kama upepo una dalili ya kukata, hata ukiwa mtamu kiasi gani. Na siingii peke yangu.

Lakini kuna moja linayatangulia yote hayo. Nauliza gatini.

Nilirudi Pangani Desemba ya mwaka ule ule, na pesa za wavu kwenye bahasha. Nilimkuta babu anashona. Alizihesabu, akarudisha sehemu, akasema wavu wenyewe ulikuwa wa zamani. Nikamuuliza, babu, maji leo yanakwenda wapi? Akacheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa baharini.

"Leo kaa tu," akasema. "Shika uzi huu."

Nikakaa, nikashika uzi mpaka jua likazama. Haya wadau, mniwie radhi kwa urefu. Tukutane wiki ijayo.